Niliogopa Kugusa Kitu cha Halali

Mdogo wangu, ipo siku moja ambayo kila nikiikumbuka nasema alhamdulillahi, hata nikiwa katikati ya kazi. Nilikuwa nimemaliza shule ya msingi tu. Muuza vipuri mmoja hapa Buyenzi alitaka kijana wa kumwandikia faktire, yaani ankara, za wateja kwa kompyuta, na Jumatatu angenijaribu. Nyumbani hatukuwa na kompyuta, kwa hiyo nikaenda maktaba ya mtaa.

Mama Zuhura, mtunza maktaba, aliniwashia mashine. Akasema programu ya kuandikia waliinakili, hawakuinunua. Kusikia hivyo, nikaibana mikono mapajani.

"We mutoto, ordinateri haiumi. Mbona haugusi?"

Mimi ni mtu wa aibu, unanijua. Nilijibu kwa sauti ndogo. "Mama, mwalimu wa madrasa anasema kunakili kitu cha mutu bila ruhusa ni wizi. Mi sitaki kazi yangu ianze na haramu."

Wasomaji wawili wakacheka. Mama Zuhura akawakazia macho.

"Kuogopa haramu ni vizuri, mwanangu. Lakini umemuuliza mwenyewe kama amekataza?"

"Apana."

"Basi umemuzushia. Kuita halali haramu, nayo ni kosa."

Akafungua ukurasa wa ruhusa, umeandikwa Kifaransa, akanisomea kwa Kiswahili polepole: itumie upendavyo, ifungue uone ilivyotengenezwa, irekebishe, mgawie na mwenzio. Akanieleza kwamba inaitwa programu huru, na waliitengeneza watu wengi wa nchi nyingi.

"Mutu akichimba kisima cha sadaka," akasema, "utakaa na kiu eti haujalipa? Kunywa, na jirani umuchotee."

Nikagusa. Mwanzoni herufi moja moja, kama kuku anayedonoa mchele. Hadi maktaba inafungwa nilikuwa nimeandika faktire nzima ya breki, mistari imenyooka. Jumatatu nikapata kazi, na mpaka leo ndiyo inayotulisha, wewe na mimi na mama.

Sijazeeka, lakini nasaha hii ninayo. Usione haya kuingia maktaba. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Kabla ya kunakili programu yoyote, soma ruhusa yake, au mwombe mtu akusomee. Ikiwa mwenyewe amekataza, iache, hata kama mtaa mzima wanapeana. Ikiwa ni huru, ichukue kwa shukrani, wala usiifiche. Mpelekee rafiki yako wa Kanyosha, mpelekee na yule wa Carama anayedhani kompyuta ni ya wenye pesa. Kutoa ni moyo, si utajiri.

Mungu amzidishie Mama Zuhura afya. Na wewe akupe vidole vyepesi, riziki ya halali, na mtu wa kukukemea kwa upole siku utakapokosea.