Wa Hamsini na Tatu

Juma lililopita nilikwenda kwenye mkutano wa wazazi katika shule ya binti yangu, hapa Tononoka, Mombasa, nikarudi nyumbani uso umenishuka. Nitakueleza ilivyokuwa, maana najua wewe hutanicheka, au ukinicheka utanicheka kwa upole.

Binti yangu yuko gredi ya nne. Ripoti yake ya muhula ililetwa kwa simu, na kwenye hesabu ilikuwa imeandikwa kwamba "anakaribia matarajio." Nikayasoma maneno yale nikayapenda. Mtu anayekaribia si ndiye anayefika? Nikawatumia ujumbe jamaa wote kwenye kundi letu, mashangazi wakamwombea dua, na jioni nikamtoa mtoto kwenda kula viazi karai na kuku wa kuchoma. Kumbe! Pale mkutanoni mwalimu alisimama akatueleza kuwa ngazi ni nne: kuna anayezidi matarajio, anayefikia, anayekaribia, na aliye chini ya matarajio. Kukaribia ni ngazi ya pili kutoka chini. Baba mmoja anayefanya kazi bandarini akainua mkono. "Mwalimu, hebu tuambie kwa lugha yetu ya zamani. Mwanangu amekuwa namba ngapi?" Watu wakaangua kicheko. Mwalimu akajibu kuwa siku hizi hakuna namba. Mtoto hupimwa kwa kile anachokiweza, hapimwi na mwenzake. Mimi sikuweza kucheka. Masikio yalikuwa yakiniwaka, na moto ule niliujua tangu utotoni. Nikamkumbuka nyanya.

Nyanya ndiye aliyenilea, Mji wa Kale, katika nyumba yenye ngazi za mbao zilizolia kila mtu alipozikanyaga. Mama alikuwa ameolewa Lamu, nami nikaachwa Mombasa ili nisome. Nilizoea kuamshwa na harufu ya iliki na mlio wa mafuta yanayopokea mahamri ya kwanza. Kazi zangu hazikuwa ngumu: kufagia ukumbi, kukuna nazi, na kumtungia nyanya uzi kwenye sindano, kwa sababu alikuwa akishona kofia za vito, yaani vile vitundu vidogo vinavyozungushiwa uzi, na macho yalishaanza kumchoka. Baada ya alasiri majirani waliketi kizingitini kwetu na leso zao mabegani, wakipepeta mchele au kuchambua mchicha, na maneno yakapita kutoka mlango huu hadi mlango ule. Katika mtaa ule hakuna jambo lililolala bila kujulikana.

Tena usije ukadhani nyanya hakujua kusoma. Kurani aliikhitimu akiwa mtoto, na barua alizomwandikia mama zilikuwa za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, mistari imenyooka kama imepigwa rula. Lakini herufi za shule hakuzijua, na mambo ya shule aliyaacha mikononi mwa mjomba wangu. Kila shule ilipofungwa mjomba alikwenda, akarudi na ripoti yangu, akasema, "Amepita." Nyanya akajibu, "Alhamdulillahi," na habari ikaishia hapo. Mwaka niliokuwa darasa la nne mjomba alihamishwa kikazi kwenda Nairobi. Nyanya akasema, "Basi nitakwenda mwenyewe. Kwani shuleni kuna simba?"

Siku ya kufunga shule alifukiza buibui lake udi, akavaa viatu vyake vya harusini, akanishika mkono tukatoka. Shuleni tulipangwa uwanjani kwa madarasa, wazazi wakakaa nyuma kwenye viti chini ya turubai. Desturi ya wakati ule ilikuwa mwalimu mkuu kusoma majina ya kila darasa kwa sauti, kuanzia aliyeshika namba ya kwanza hadi wa mwisho, na kila aliyetajwa alitoka mbele watu wote wamwone. Wa kwanza alipigiwa makofi mpaka njiwa wakaruka paani. Wa pili vile vile. Wa tatu alikuwa binti wa jirani yetu, tuliyepakana naye ukuta kwa ukuta, naye akapigiwa. Baada ya hapo makofi yakazidi kunywea, na namba zilipofika arubaini hapakuwa na hata kofi moja, ila sauti ya mwalimu mkuu na miguu ya watoto ikiburura mchanga. Muhula ule hesabu zilikuwa zimenishinda kabisa. Nilisimama nikitazama vidole vyangu vya miguu, nikiomba nisahauliwe.

"Wa hamsini na tatu," akasema mwalimu mkuu, na akalitaja jina langu.

Na hapo, kutoka chini ya turubai, kikapanda kigelegele.

Kilikuwa kigelegele kamili, kirefu, cha kupokelea bibi harusi. Nikajua ni cha nani kabla sijageuka. Nyanya alikuwa ameisikiliza hesabu ikipanda, tatu, kumi, thelathini, hamsini, na kwake yeye, kama kwa mtu yeyote mwenye akili timamu, hamsini na tatu ni kubwa kuliko tatu. Alidhani walioshinda huitwa mwisho, kama waalikwa wakubwa. Uwanja ukapasuka kwa kicheko. Watoto walicheka, wazazi walicheka, hata mwalimu mkuu aliinamisha uso kwenye karatasi zake mabega yakimtetema. Nyanya akadhani wanafurahi pamoja naye. Alisimama, akawainamishia kichwa huku na huku kuwashukuru. Mimi nilitoka mbele, nikasimama pale nikiungua masikio, nikitamani ardhi ya Mombasa inimeze.

Njia nzima ya kurudi nyumbani hakuniachilia mkono. Fundi cherehani alisimamishwa akaambiwa. Muuza mkate wa mofa aliambiwa. "Wa hamsini na tatu, mashallah! Na mama yake hayupo, mimi peke yangu ndiye nimleaye." Fundi aliniangalia mimi, akamwangalia yeye, akasema, "Hongera, bi mkubwa," akarudi haraka kwenye cherehani yake. Nami sikumsahihisha. Ungeanzia wapi?

Alasiri nyanya akakaanga kaimati. Alizimiminia shira mpaka zikang'aa, akajaza sahani ya maua ambayo haikutoka kabatini isipokuwa Idi, akanipa nipeleke kwa jirani. "Mwambie mama wa yule binti asivunjike moyo," akaniagiza. "Wa tatu si kitu cha kulilia. Mtoto bado mdogo, akijikaza naye atapanda."

Nilipiga hodi kwa jirani nikayasema maneno yale kama nilivyoagizwa, macho yakiwa chini. Jirani aliipokea sahani taratibu.

"Nyanya yako ndivyo alivyosema?"

"Ndivyo."

Jioni binti yake aliirudisha sahani imeoshwa, kavu, haina kitu ndani. Wewe wajua kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Ukikosa kabisa hutia hata ndimu mbili. Nyanya akaigeuza mkononi. "Tupu? Huyu leo ana nini?"

Kesho yake jirani alikuja mwenyewe. Hakukaa. Alisimama ukumbini, buibui limemwangukia mabegani, midomo ikimcheza.

"Bi mkubwa, tumekaa ukuta mmoja tangu niolewe. Nimekukosea nini hata unifanyie kejeli mbele ya watoto?"

"Kejeli?" nyanya akashangaa. "Mimi nikufanyie wewe kejeli? Nilikuonea huruma, mwanangu. Wako kawa wa tatu, wangu wa hamsini na tatu. Nikasema nikupoze roho."

Jirani akamtazama nyanya usoni, akanitazama na mimi nilipokuwa na mbuzi ya nazi, nikaona hasira ikimtoka polepole kama maji yanavyotoka kwenye nguo iliyoanikwa. Akaketi mkekani.

"Kwani hujui, bi mkubwa?" akauliza, na sauti yake ilikuwa nyingine. "Zile namba huanzia juu. Wa kwanza ndiye aliyewashinda wote. Wa tatu ameshindwa na wawili tu. Sasa wa hamsini na tatu..."

Nyanya alinigeukia. "Ni kweli?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Kidole chake kilipita juu ya vito vya kofia iliyokuwa mapajani. Halafu akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Na wale watu pale uwanjani, walikuwa wakinicheka mimi?"

Jirani akaushika mkono wake.

Nilidhani najua aibu, kumbe sikuwa nimeijua. Kuchekwa mwenyewe ni kitu kimoja. Mtu huvimba, akalia, akalala. Kumwona nyanya yako akijikumbuka alivyosimama kuwashukuru watu waliokuwa wakimcheka ni kitu kingine. Likizo ile hakuketi tena kizingitini. Majirani wakimwita alisema kichwa kinamuuma. Kofia ililala kikapuni na sindano imechomekwa palepale. Alipotaka kitu dukani alinituma mimi, nami nilipita mbele ya fundi cherehani kwa mbio, kwa kuwa vijana waliokaa pale walikuwa wamejifunza kupiga kigelegele kila wakiniona. Kunigombeza hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Shule zilipofunguliwa, alivaa buibui asubuhi ya pili tu akasema, "Nipeleke kwa mwalimu wako." Mwalimu wangu wa darasa alikuwa mama wa bara, mumewe akifanya kazi reli, wakikaa upande wa Makupa. Nilidhani nyanya anakwenda kugomba. Alimwamkia vizuri, akaulizia watoto wake na hali ya nyumbani, mpaka mwalimu aliyezoea salamu fupi akaanza kutazama saa. Kisha nyanya akasema, "Nimekuja kwa jambo moja. Nataka unisomeshe kusoma ripoti. Sitaki kutafsiriwa. Nataka niijue mwenyewe."

Mwalimu alikuja kwetu Jumamosi baada ya adhuhuri, akavua viatu mlangoni, akakaa mkekani akiwa na ripoti yangu. Alijaribu kueleza kwa maneno ya shuleni, jumla, wastani, nafasi, nyanya akatikisa kichwa. Mwishowe mwalimu akasikia mikokoteni ya maji ikipita chini mtaani, akapata njia.

"Mama, watu wakipanga foleni ya maji bombani, namba ni pale mtu aliposimama. Wa kwanza yuko karibu na bomba. Alama ni maji aliyoyapata kwenye ndoo yake. Kwa hivyo namba ikiwa ndogo ni vizuri, na alama zikiwa nyingi ni vizuri."

"Kimoja chapanda, kimoja chashuka," nyanya akasema. "Sasa si mwawachanganya watu makusudi?"

Mwalimu akacheka. Nyanya naye, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, akatabasamu kidogo. Akataka aonyeshwe somo moja moja. Hesabu, thelathini na moja kati ya mia. Kiswahili, sabini na nane kati ya mia. Alichukua kalamu akaziandika pembeni kwa tarakimu zake za Kiarabu.

"Kumbe kwenye Kiswahili ndoo yake karibu ijae," akasema.

"Karibu, mama."

"Na pale uwanjani hilo halikusomwa."

"Hapana," mwalimu akakiri. "Tunasoma namba tu."

Jirani aliingia na sahani ya vileja, akaketi kusikiliza. Jumamosi iliyofuata alimleta mke wa fundi cherehani, naye akamleta dada yake, kila mmoja na ripoti ya mtoto imekunjwa chini ya buibui. Ikabainika kuwa wengi wao walikuwa wakiambiwa "amepita" tu kama nyanya, na mmoja wao, aliyecheka sana pale uwanjani, hakujua ile "kati ya mia" maana yake nini. Alikuwa amecheka kwa kuwa wenziwe walicheka. Nyanya hakumsuta. Alimsogezea kahawa akamwambia, "Kaa, mwenzangu, si vigumu."

Nami nilipanda, si sana. Nilipanda mpaka katikati nikakaa huko, na matokeo ya darasa la nane yalipotoka nilikuwa na alama za kunipeleka shule ya kutwa iliyo nzuri kiasi. Nilipanda zile ngazi mbio, nikamtolea jumla yangu kabla sijavuta pumzi. Ninaiona hata leo ile sura yake. Furaha ilimjia, ikafika mpaka kwenye macho, kisha ikasimama. Alikwenda dirishani, akachungulia kama kuna watu chini, akalifunga dirisha. Akaniuliza taratibu, "Kati ya ngapi?" Nikamwambia. Akapiga hesabu yake kwenye karatasi, akahakikisha kuwa kweli ni zaidi ya nusu, na hapo ndipo akasema, "Alhamdulillahi," kwa sauti ambayo jirani asingeisikia.

Nyanya hayupo tena. Nyumba ile imeuzwa, ngazi zimetengenezwa kwa saruji, hazilii, na wageni hulala katika ukumbi wetu wakipiga picha za dari. Wale majirani wametawanyika, wengine wamehamia ng'ambo ya kivuko. Shuleni hakuna anayesomewa namba uwanjani, na nashukuru kwa hilo. Lakini ninapokumbuka yaliyopotea kule, silikumbuki jengo. Namkumbuka mwanamke aliyekuwa akifurahi kwanza, bila kuuliza kati ya ngapi, nasi tukamfundisha kuuliza.