Picha Nilizoanika kwa Wavu wa Omena

Shule niliiacha darasa la tatu, kwa hivyo nitaandika vile ninavyoongea.

Mwaka ambao ziwa lilipanda mpaka ndani ya nyumba zetu hapa Sori, nilitoa godoro kwanza, halafu kuku, halafu Biblia. Mkebe wa picha niliusahau chini ya kitanda. Ulikaa majini siku tatu. Nilipoufungua, picha zilikuwa zimeshikana zote, donge moja kama kipande cha sabuni.

Mle ndani alikuwa marehemu mume wangu, amesimama mbele ya ndege iliyochorwa kwa ukuta wa studio kule Rangwe. Mlikuwa pia na kitinda mimba wangu: siku ya ubatizo akilia, siku ya kumaliza darasa la nane, siku ya kuoa akiwa na koti la kuazima lililompita mabega.

Mimi maisha yangu yote nimeanika omena, dagaa wa hapa ziwani. Kitu kikilowa najua cha kufanya. Nilizibandua zile picha kwa kisu, moja moja, nikatandaza wavu kwa mchanga, nikazipanga. Nikaona jua ni kali, litachoma nyuso. Basi nikazilaza nyuso chini.

Wanawake wenzangu walicheka.

"Leo unaanika watu?" mmoja akaniuliza. "Bei gani debe?"

"Geuza huyo mzee wako mapema," mwingine akasema, "yangeyange wasije wakambeba."

"Na wambebe," nikasema. "Alipokuwa hai mlimtamani, leo mnamwachia ndege?"

Jioni nikaziinua. Karatasi ilikuja nyeupe. Nyuso zilibaki kwa wavu, zimekatika vipande kwa vipande kufuata matundu, hapa sikio, hapa kifungo cha koti. Omena huwa inabanduka. Sikujua picha ni kitu kingine.

Mwanangu huyo alirudi kutoka machimbo ya dhahabu ya Migori, akanikuta nimekaa mbele ya ule wavu. Akacheka, yeye alikuwa mtu wa kucheka. "Mama, wacha. Mimi bado niko. Nitapiga zingine."

Hakupiga. Simu yake ilikuwa kabambe, ile ndogo ya vitufe, haina kamera, na ya mkewe ilikuwa hivyo hivyo. Kila mwisho wa mwezi alisema mwezi ujao.

Kitu kilichobaki kwa ukuta wangu ni postikadi mbili. Mgeni mmoja mwenye kamera alipita huku zamani kidogo, akapiga picha ufuo, akaenda akapiga machimbo. Baadaye mwanangu akazikuta dukani Homa Bay, zinauzwa kwa wageni, akaniletea. Moja ni sisi wanawake tumeinama kwa omena, migongo tu. Nyingine ni wachimbaji wawili mbele ya shimo, wamejaa vumbi la mawe kutoka nywele hadi miguu, weupe kama unga. Alisema mmoja ni yeye. Nilikuwa na hasira siku hiyo, sikumbuki ya nini. Nilimwambia sitaki kuona mtu akiuzwa dukani. Nikazipigilia msumari juu ya mlango, mbali, na sikumuuliza ni yupi. Maji hayakufika pale.

Shimo lilimwangukia asubuhi, mvua ya masika ikinyesha. Yule mwenzake wa kwenye kadi alikuwa chini pamoja naye. Wachimbaji wengine walichimba siku nne, udongo ukawa unarudi, wakaacha. Kitambulisho chake kilikuwa mfukoni, kikabaki naye.

Kwetu mtu asipopatikana, tunazika tunda la yago badala yake, lile refu zito kama mkono wa mtu mzima. Mchungaji alikunja uso lakini aliomba. Tulilifunga shuka, tukalilaza kwa sanduku. Kaburi lilichimbwa fupi, nikawaambia walirefushe, mwanangu alikuwa mrefu.

Kabla ya mazishi mkaza mwanangu alikuja jikoni. Mtoto wao ana miaka mitatu.

"Mama, nipe picha tuweke mbele ya sanduku. Huyu mtoto atamjua baba yake kwa nini?"

Nilipanda kwa kiti, nikang'oa postikadi ya wachimbaji, nikaenda nayo Rangwe. Mzee wa ile studio sasa anatumia kompyuta. Akaikuza, akaikuza tena, hadi uso ukawa madoa makubwa meupe na meusi. Mwanamume yeyote wa Migori angetosha pale.

"Dayo," akaniambia, vile bibi huitwa kwetu, "hapa hakuna uso wa kutoa. Ni vumbi."

"Na zile ulizopiga hapa zamani?"

"Filamu zote nilizichoma moto nikihama duka. Nani angezitaka?"

Nilirudi na ile kadi vile ilivyokuwa. Tukaiweka mbele ya sanduku, na waombolezaji wakainama kuiangalia, na hakuna aliyethubutu kuniuliza kitu.

Mtoto ndiye aliyeuliza. Alipanda kwa magoti yangu wakati wa wimbo.

"Dayo, baba ni yupi?"

Mimi nimechapa watoto wangu kwa sababu ya uongo. Hata huyo tuliyekuwa tukimzika, nilimchapa kwa uongo wa samaki mmoja. Niliangalia wale watu wawili weupe. Urefu ni mmoja. Kila mmoja ameshika mtaimbo. Nilitafuta mabega, nikatafuta namna ya kusimama, kitu ambacho mama anapaswa kukijua hata gizani.

Nikaweka kidole kwa yule wa kushoto.

"Huyu."

Kadi sasa iko chini, kimo cha mtoto, alitaka hivyo. Kila asubuhi anamsalimia yule wa kushoto, anambusu, na mate yameanza kumtoa rangi. Mamake anafurahi. Mimi nikipita pale naangalia yule wa kulia, ambaye hasalimiwi na mtu.