Fundo Jekundu Ndani ya Kola

Iko siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu. Kila nikipita Bertrams karibu na kile kiwanja cha shule, hunirudia shingoni kama kola iliyobana. Siku hiyo nusura Umoja wa michezo wa vyuo uvunjike mbele ya macho yangu, na sababu ilikuwa uzi. Uzi wangu mimi.

Kwanza unijue. Mimi ni mtu wa Kigoma. Shule niliiacha darasa la nne, lakini leo wenye digrii wanakuja kwangu Doornfontein kupimwa kiuno, nikisema inua mkono wanainua. Cherehani yangu ya kwanza niliinunua mbovu nikaifufua mwenyewe kwa bisibisi. Sikurithi, sikubebwa. Nakueleza haya usije ukadhani unanasihiwa na mpita njia.

Umoja niliuona ukizaliwa. Ilikuwa baada ya mwaka ule wa fujo za kuwapiga wageni, tulipojifungia ndani na majirani zetu wenyeji wakawa wanatutazama kwa jicho la pembeni, na sisi tukiwatazama vilevile. Mrundi mmoja, Mzee Nestori, mwalimu wa michezo katika chuo cha uhasibu, akazunguka vyuo vidogo vya mjini. Unavijua vyuo hivyo: chuo kiko ghorofa ya tatu, chini yake duka la betri, hakina hata mahali pa kuruka kamba. Akawaambia wakuu wa vyuo hivyo, vijana hawa wakicheza pamoja hawatarushiana mawe. Vinne vikakubali. Wakaazima kile kiwanja cha Bertrams, kokoto tupu, timu moja ikacheza na fulana na nyingine vifua wazi.

Jezi zao za kwanza nilizishona mimi, kwa kitambaa nilichokichagua mwenyewe madukani Fordsburg. Na uone ulivyokua. Wasichana wakaanzisha netiboli, wakaja wakimbiaji, vyuo vya Soweto vikaomba kuingia, baadaye mpaka vya Pretoria. Binti mmoja wa netiboli akachukuliwa na timu ya jimbo, tukatembea naye mtaani kama bibi harusi. Siku ya fainali watu walikaa hadi juu ya ukuta. Mama wa Kikongo wakiuza sombe, kisamvu chao, mama wa Kizulu wakiuza magwinya, yale maandazi yao makubwa, na watu waliokuwa hawasalimiani wakisukumana kwenye foleni moja. Mimi nilizoea kusema Umoja umekua juu ya cherehani yangu. Mzee Nestori alikuwa akinisikia anatabasamu tu, na tabasamu lile sikuwahi kuliamini.

Kazi ilipozidi, Mzee akampa nusu ya timu fundi mwingine, Patrice, kijana wa Bukavu, mpole kupita kiasi. Upole huo ndio ulionitia shaka. Mtu anakusalimia kila asubuhi, "Jambo, mukubwa," anauliza habari za watoto, anaazima mkasi na kuurudisha umenolewa. Kwa nini anoe mkasi usio wake? Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo ndiyo kazi yetu. Nikaona kola zake zinakatwa kama zangu. Nikasema huyu ananiiga, kesho atawaambia watu kazi zangu ni zake.

Basi nikabuni ulinzi. Kila jezi niliyoshona, kabla sijafunga pindo la kola, nilitia ndani fundo dogo la uzi mwekundu, pale shingo inapokutana na uti wa mgongo. Siku atakapodai jezi yangu ni yake, nitaifumua mbele ya watu. Sikumwambia mtu, hata mke wangu. Mke naye ana mdomo.

Mwaka mmoja, baada ya Kombe la Dunia kuja na kuondoka, fainali ikawakutanisha Wahasibu na Mafundi Umeme. Wahasibu walivaa kazi yangu na walikuwa hawajafungwa msimu mzima. Mafundi Umeme, wengi wao vijana wa Soweto, walivaa kazi ya Patrice.

"Leo tunawakatia umeme," waliimba huku.

"Lipeni bili kwanza," wakajibiwa.

Kipindi cha kwanza hakijaisha, nahodha wa Mafundi Umeme, kijana aitwaye Thabo, akamvuta mshambuliaji wa Wahasibu kwa kola. Mshono ukaachia. Thabo akaona kidude chekundu kinaning'inia, akakichomoa, kisha akakitupa kama aliyeshika kaa la moto.

"Eish. Refa, njoo uone. Hawa wamevaa muti."

Muti ni dawa ya uchawi, mwanangu, na katika mpira wa huku hakuna neno zito kuliko hilo. Kola zikageuzwa moja baada ya nyingine, na kila moja ina fundo lake. Za Patrice zikageuzwa, hazina kitu. Wahasibu wenyewe waliingiwa na baridi. Mmoja akavua jezi akaiweka chini mbele yangu kwa vidole viwili: "Fundi, umetuvisha nini?"

Nyuma yangu nikasikia lile neno wanalotuitia sisi wageni, ambalo kiwanja kile kilikuwa kimelisahau. Wakuu wa vyuo vya Soweto wakasimama. Mmoja akamwambia Mzee Nestori kwamba chuo chake kinatoka katika Umoja leo hii na vijana wapande basi. Mama wa magwinya akaanza kufunika karai lake. Nikaona kila kitu kinakunjwa, kila kilichojengwa tangu siku za vifua wazi.

"Ni alama yangu tu," nikasema.

"Alama ya nini, malume?" Thabo aliniita mjomba kwa adabu ya kwao, lakini macho hayakuwa na ujomba. "Alama gani inafichwa?"

"Nimeificha isiibiwe."

"Nani anajua kuwa ni alama?"

"Mimi."

"Wewe na nani?"

Mimi, ninayejulikana Doornfontein nzima kwa maneno, nikainama kuiokota ile jezi.

"Mimi najua," ikasema sauti. Ilikuwa ya Patrice. Alisogea mbele taratibu, mita yake ya kupimia ikiwa bado shingoni. "Kola zikichanika, vijana wananiletea mimi, maana mukubwa ni mukali, anawagombeza. Nikifungua nalikuta fundo. Nikimaliza kushona nalirudisha palepale."

"Na wewe ni mgeni kama yeye," Thabo akasema. "Mnateteana."

Sikumlaumu. Mimi mwenyewe ningesema hivyo.

Mzee Nestori akaokota lile fundo kwenye kokoto, akamwekea Thabo kiganjani. "Lifungue wewe. Sitaki mgeni aliguse."

Kijana akasita. Akalifungua kwa kucha, akakuta uzi, na ndani ya uzi, uzi. Akanusa. Akanyoosha ule uzi juu watu wauone.

"Malume," akasema, "muti wako umeisha nguvu."

Hapo mtu wa kwanza akacheka, sijui nani, na kicheko kikapanda hadi ukutani. Mzee akatuketisha mimi na Patrice chini, pembeni mwa mstari, mbele ya wote. Mimi nikafumua na kutoa mafundo, yeye akashona kola nyuma yangu kwa sindano ya mkono. Vijana wa timu zote mbili walisimama juu yetu kama askari. Mkasi niliotumia ni ule aliounoa yeye.

Mpira ukaendelea. Na Wahasibu, timu isiyofungwa, wakafungwa. "Si mnaona," watu wakasema, "yametolewa mafundo, nguvu zimekwisha." Wako wanaoamini hivyo hadi leo. Mimi mwenyewe nilimshuku kipa, nikawaza huenda aliachia makusudi ili watu wa Soweto wasipande basi. Lakini kombe lilikwenda Soweto, Soweto ikabaki, na yule mama akafunua karai lake.

Jioni, tukikunja nyavu, Mzee Nestori akaniambia bila kunitazama: "Fundi, uliificha isiibiwe. Haya, tuseme ingeibiwa. Ungemwonyesha nani? Alama unayoijua peke yako haiwezi kukutetea. Leo imekushtaki. Mficha uchi hazai."

Maneno hayo yalinichoma kuliko makelele ya uwanja mzima.

Msimu uliofuata akatuagiza, mimi na Patrice, tutie mshono mwekundu juu ya mkono wa kulia wa kila jezi ya Umoja, nje, uonekane kutoka upande wa pili wa kiwanja. Nilikataa wiki nzima. Uzi ule ni wangu, nikasema, sasa Patrice naye autie? Mwishowe nikatia. Basi Umoja ukazidi kukua. Vyuo vikazidi, wakimbiaji wake wakakimbia hadi majimbo ya mbali, na popote walipofika watu waliujua ule mkono wenye mshono mwekundu kabla hawajasoma jina la chuo. Nani aliuanzisha? Uliza Doornfontein, watakuonyesha mlango wangu. Ila nakwambia kweli, hadi leo nashuku kuwa yule Mzee alilipanga jambo hilo tangu nilipokuwa nimekaa pale chini na mkasi.

Patrice nilimuuliza mara moja tu, kwa nini alikuwa akilirudisha fundo badala ya kulitupa.

"Ningelitupa, mukubwa," akasema, "ungesema nimeiba."

Mwanangu, najua unaelewa Kiswahili changu hata kama unanijibu kwa Kiingereza. Sikwambii uache kushuku. Mji huu haumlei asiyeshuku, na mimi nisingefika hapa nilipo. Ila shuku mchana, na kwa mdomo. Ukimwona mtu anakuiga, mwendee umuulize, ujue moja. Kazi yako iwekee alama mahali ambapo hata adui yako ataiona, ili siku ikisemwa vingine awepo wa kusema naijua. Ulinzi wa siri, akiukuta mtu asiyekujua, atauita uchawi, na hutakuwa na shahidi.

Haya, nenda. Mungu akupe mkono usiotetemeka, akupe watu wa kukaa nao foleni moja, na siku kola yako itakapochanika mbele ya watu, akupe jirani aliyekuwa akilirudisha fundo lako mahali pake.