Mita Mbili za Yakubu

Chadia alikuwa na umri wa miaka kumi na moja alipotengeneza mti wake wa kwanza. Alichukua unyoya wa kuku, akaupunguza kingo kwa mkasi wa mama yake, akauchomeka kwenye udongo uliofunika meza, ukawa mchikichi. Baba yake, Mzee Asani, aliyekuwa fundi wa reli kwenye kituo cha Samba kabla ya kustaafu na kurudi Kasongo, aliutazama kwa muda mrefu. Hakuusifu wala hakuukosoa. Alisema tu:

"Tengeneza mingine mia mbili."

Hivyo ndivyo Chadia alivyoingia kwenye chumba cha nyuma, na kwa miaka ishirini na minne hakutoka humo isipokuwa ile mitatu aliyoolewa na mwenye duka wa Kabambare, ambaye alimrudisha nyumbani juu ya pikipiki pamoja na cherehani yake. Mchana alishona nguo za watu. Jioni alishona nchi ya baba yake.

Maana ilikuwa nchi kweli. Juu ya meza moja ndefu Mzee Asani alikuwa amelaza reli yote aliyoifanyia kazi ujana wake: ilianza Kindu, ikapita Kibombo na Samba, ikafika Kongolo, ikavuka daraja, kisha ikapinda na kurudi Kindu kwa upande wa pili. Reli zenyewe zilikuwa spoku za baiskeli, na mataruma ya kulalia reli hizo vipande vya mwanzi. Kichwa cha treni kilifuliwa kwa makopo ya sardini, na ndani yake mlikuwa na mota ya redio ya kaseti. Kwenye dohani mzee alichomeka kijiti cha udi, ili treni itoe moshi. Kila baada ya mwaka au miwili aliyapaka mabehewa rangi upya, akaongeza moja la kubeba magogo, jingine la abiria lenye vioo vya karatasi za peremende.

Chadia alifanya yaliyobaki. Vilima alivifinyanga kwa magazeti yaliyolowekwa kwenye uji wa muhogo. Miembe ilikuwa sponji ya godoro iliyotiwa rangi kwa maji ya sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa. Mto Lualaba aliumwaga kwa vanishi, tabaka juu ya tabaka, akisubiri siku nne kila tabaka likauke, mpaka mtu akiinama aone kina. Pale Samba aliweka nyumba yao ya zamani, na nguo kwenye kamba.

Lakini treni hakuigusa. "Nchi ni yako, reli ni yangu," baba yake alimwambia, na hakulirudia neno hilo, kwa sababu watoto wake wote walikwisha kuona yaliyompata Yakubu. Yakubu alikuwa mtoto wa pili, kati ya Djamali na Chadia. Akiwa na miaka tisa alilichukua behewa moja nje ili alipakie ngazi, matunda ya mchikichi. Gurudumu likang'oka. Mzee Asani alimchapa kwa spoku mbili zilizofungwa pamoja, na alama zake ziko kwenye muundi wa Yakubu hadi leo. Kisha akampiga marufuku chumba kile, na marufuku hayo hayakuondolewa. Yakubu alikua, akaenda Salamabila kununua dhahabu kwa wachimbaji, akawa na pikipiki tatu na watu wa kuziendesha, na bado kila alipokuja Kasongo kusalimia, baba yake alitoka kwenye kile chumba na kufunga mlango nyuma yake.

Mzee alipofariki, mvua zilizopita, aliacha karatasi. Alikwenda nayo mwenyewe kwenye ofisi ya serikali ya teritori, akaandikiwa kwa mashine, ikapigwa mhuri mara mbili. Ilisema: reli yangu yote, pamoja na meza, ni ya binti yangu Chadia. Mzee aliuamini mhuri, kama watu wote waliofanya kazi katika ofisi zenye mihuri.

Siku ya arobaini, wageni walipokwisha kula na kuondoka, Shehe Kamaldine aliisoma ile karatasi mara mbili, akaikunja.

"Mhuri ni mzuri," alisema. "Lakini mrithi haandikiwi wasia, ila warithi wenzake wakubali. Angempa akiwa hai, mkononi mwake, mbele ya watu wawili, tusingekaa hapa."

Kila mtu mle ndani alijua kwa nini hakumpa. Hakutaka iwe ya mtu mwingine hata kwa siku moja.

Djamali, mkubwa wao, mwenye duka la vitambaa sokoni, alijibu upesi. "Mi nakubali. Fungu langu apewe Chadia."

Wote wakamgeukia Yakubu.

"Mi sikubali," alisema Yakubu.

"Yaya," Chadia alimwita kaka yake, "wewe unakaa Salamabila. Utaipeleka wapi?"

"Ile iko shauri yangu. Sichukui ya mutu. Nachukua yangu."

Shehe akaomba kitu cha kupimia. Hapakuwa na kingine nyumbani ila utepe wa kushonea, na Chadia mwenyewe ndiye aliyeutoa shingoni mwake. Meza ilikuwa na urefu wa mita tano kamili, kana kwamba marehemu aliijenga ili igawanywe, na kwa kuwa mama yao alikwisha kutangulia, walikuwa watatu tu: mbili za Djamali, mbili za Yakubu, moja ya Chadia. Kwa hisani ya Djamali, Chadia akawa na tatu.

"Bado mnaweza kusameheana," alisema shehe.

Yakubu aliingia kwenye chumba kile polepole, akasimama karibu na ukuta. "Iwashe kwanza," alimwambia dada yake. "Sijapata kuiona inatembea."

Chadia aliwasha udi, akaunganisha waya za batri. Treni ikaondoka Kindu, ikapita Kibombo, ikapunguza mwendo kwenye kilima cha Samba kama ilivyokuwa desturi yake. Yakubu alichuchumaa mpaka macho yake yakalingana na daraja. Mdomo wake uliachama kidogo. Treni ilipopita mara ya tatu alinyoosha kidole, akagusa paa la behewa la mwisho, kisha akaurudisha mkono haraka na kutazama mlangoni.

Chadia akaona kidole kile na akafikiri yamekwisha.

"Zima," alisema Yakubu. "Kesho atakuja fundi na musumeno."

Hapo Chadia alifanya kosa lake. Alikuwa akilifikiria jambo hilo tangu meza ilipopimwa, na akalisema kwa haraka mno.

"Basi chukua katikati, yaya. Chukua Samba. Nyumba yetu iko pale, na nguo za mama kwenye kamba. Hakuna mahali pazuri kuliko pale. Nakupa kwa moyo mmoja."

Yakubu aliitazama meza kutoka ncha hadi ncha. Kisha akacheka, kwa mara ya kwanza tangu afike.

"Mudogo wangu, na mi ni mutoto wa mutu wa reli. Ukitoa katikati, hizi ncha mbili zinakutana, na treni inazunguka kama kawaida. Unanipa ngozi, unabaki na mbuzi." Akaweka kiganja juu ya daraja. "Nataka ncha. Hii ya Kongolo."

"Yakubu," alisema Djamali, "ile ncha peke yake haina kazi kwako."

"Na ile atakayobaki nayo haina kazi kwake. Tuko sawa."

Asubuhi alikuja Katembo, seremala kutoka kaskazini aliyewahi kuchimba dhahabu akaacha. Aliinama, akatazama mto, akatazama miembe, akamtazama Chadia. "Dada, ni hapa kweli?"

"Ni hapa," alisema Yakubu.

Chadia ndiye aliyemwonyesha waya zinapopita chini ya mbao, ili msumeno usizikate vibaya. Ndiye aliyeshika upande wake usianguke. Vanishi ilipofikiwa ilitoa mlio kama wa chupa, ikapasuka mbali zaidi ya mstari uliochorwa.

Ile ncha isingeweza kufika Salamabila kwa pikipiki, na Yakubu hakuwa na nia ya kuifikisha. "Mbao hizi ndizo malipo yako, fundi," alisema. "Bandua tu ule uchafu wa juu."

Katembo alisitasita na nyundo mkononi. Chadia akamwomba amwachie ile kona ya reli, spoku tu, hazina thamani.

"Nimempa mbao," alisema Yakubu. "Reli iko yangu."

Akaziokota spoku zote, akazinyoosha moja baada ya nyingine juu ya goti lake, akazifunga kwa kamba ya mpira, na saa nne alikuwa njiani.

Chadia alinunua spoku mpya sokoni. Kwa wiki tatu alizikunja, na kwa wiki tatu kichwa cha treni kilianguka palepale, kwa sababu nafasi kati ya reli mbili kwenye kona si ileile ya mahali paliponyooka; kona ya Kindu ilikuwa pana zaidi na kipimo chake hakikufaa hapa, na cha hii alikijua mtu mmoja tu. Miaka ishirini na minne alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwenye mikono ya baba yake, akipaka majani rangi.

Mwishowe akapika uji wa muhogo, akaloweka magazeti, akafanya analolijua. Kwenye ukingo uliokatwa alijenga mlima, mahali ambapo hapajawahi kuwa na mlima, mrefu kuliko vyote juu ya meza ile. Aliufunika kwa msitu mzito, akatoboa tundu la kuingizia reli.

Djamali alikuja kuutazama siku ya Ijumaa baada ya sala. Chadia aliwasha udi. Treni ikapita Samba, ikaingia mlimani na mabehewa yake yote, na moshi ukabaki mdomoni mwa tundu.

"Inatokea wapi?" aliuliza Djamali.

"Haitokei."

Djamali alikaa kwenye kiti cha baba yao, kofia mkononi, akautazama upande wa pili wa mlima, pale meza ilipokatwa. Chadia alikata waya za batri, akarudi kwenye cherehani yake. Kaka yake aliendelea kukaa.