Mtani Wangu Mbele ya Kamera

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, kila mtu Dodoma alikuwa mbioni. Aliyekuwa karani jana, leo anauza mitumba, na kila kibaraza kilikuwa na redio kaseti inayopiga kelele. Mimi nilikuwa nimekaa, kwa kuwa miguu yangu ilipooza tangu utotoni, lakini kukaa si kutulia. Nilitaka kuhamishwa kila mara: kitini, mkekani, dirishani, kitini tena.

Aliyenihamisha alikuwa mwanamke wa rika langu kutoka Kibakwe, ambaye kaka yangu alimwajiri anitunze. Akienda sokoni akachelewa, roho yangu haikukaa mahali pake. Wenzake walikuwa wanaacha kazi za ndani wakauze viatu vya mitumba, na yeye mdomo wa biashara alikuwa nao.

Mdomo huo ndio uliotuunganisha. Mimi Mgogo, yeye Mhehe. Babu zetu walipigana, sisi tukarithi utani: Wagogo ombaomba, Wahehe wala mbwa. Akitaka kuninyanyua husema, "Haya, ombaomba, shika shingo!" Nami hukaza mikono na kumjibu, "Nyanyua, mla mbwa!" Nikimaliza tu, niko juu. Hatukuwahi kupanga. Tulizoea hivyo.

Basi kijana mmoja wa mtaani, mpiga video za harusi, akaamua kutengeneza filamu yake mwenyewe, habari ya mlemavu na anayemtunza, na kwamba wao ni marafiki. Akataka tuigize sisi wenyewe. Nilifurahi mno, sikulala vizuri. Kumbe alikuja na maneno yake mfukoni.

"Dada, hayo matusi watazamaji watayaelewa vibaya. Yeye aseme, 'Njoo, mpenzi wangu.'"

"Nikiitwa mpenzi nikiwa nanyanyuliwa, nitajua nimeshakufa," nikamwambia.

Hakucheka. Alifuta vumbi kwenye kioo cha kamera, maana upepo ulikuwa haupumziki, akasema tuanze.

Mwenzangu akaniinamia, sura ameivaa ya kanisani. "Njoo, mpenzi wangu." Nikasubiri. Naye akasubiri. Kisha akavuta, mikono yangu ikiwa imelegea, na mimi huyo sakafuni.

"Ona sasa!" alipiga kelele. "Ombaomba mzima, hata kushika unashindwa!"

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na hapo ndipo kaka alipoingia kutoka ofisini. Alichokiona ni dada yake yuko chini, uso umelowa, na mfanyakazi anamtukana mbele ya kamera. Nilianza kumweleza, hakunisikiliza. Alitupa koti lake kitini.

"Funga mizigo yako," alimwambia. "Kesho asubuhi nakupandisha lori la Kibakwe."

Mwenzangu akalichukua lile koti, akalivaa. "Mtani hafukuzwi, kaka. Lete mbuzi, ndipo nivue."

Mtani akikunyang'anya kitu hivyo, unacheka, unajikomboa hata kwa kuku, na hasira yote imekwisha. Kaka alilijua hilo. Marehemu baba aliwahi kunyang'anywa kofia msibani, akarudi nyumbani kichwa wazi na kicheko juu. Lakini kaka alikuwa amekaa ofisini mno.

"Mambo ya kijijini hayo. Vua."

Akavua. Alilikunja koti vizuri, akaliweka kitini, akaenda kuvuta mfuko wake chini ya kitanda. Hasira zikanipanda, kwanza kwa kaka, halafu kwake yeye, kwa kutii upesi namna ile. Pengine alikuwa anatafuta sababu ya kuondoka. Nikasaka neno la kumchoma, limrudishe hapa anijibu, na mimi nisiyekosa neno nikalikosa.

"Usiende," nikasema.

Akageuka, akasubiri tusi lifuate.

"Usiende. Kila siku naogopa kwamba utaondoka."

Akaja, akaketi sakafuni kando yangu, mfuko mapajani. Yule kijana alikuwa ameshusha kamera. Kaka alitutazama sote wawili, akachukua koti lake, akatoka.

Asubuhi lori liliondoka bila yeye, na hakuna aliyelitaja. Siku ile nzima mimi na mwenzangu tulioneana haya. Kila alipokuja kuninyanyua tulitazamana tu, hatujui nani aanze utani.