Askari Kanzu kwa Warina Asali

Baba aliniambia kwenye treni, daraja la tatu, tulipokuwa tumeshaiacha Itigi. Alikuwa anamenya yai.

"Kuanzia Tabora mimi ni fundi wa madebe," alisema. "Na sisi ni Wazaramo."

Sisi si Wazaramo. Kwetu ni kusini, milimani, ambako nazi tunaiona sokoni tu. Nikamwuliza kwa nini Wazaramo.

"Kwa sababu Wanyamwezi ni watani wao. Mtani haulizwi maswali mengi, anatukanwa tu."

Utani huo ni wa njia ya misafara. Babu zao Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu hadi pwani, Wazaramo wakawauzia maji na kuwacheka nyayo zilizopasuka, na kuchekana huko hakujaisha mpaka leo. Baba aliambiwa hayo na wakubwa zake kazini. Hawakumwambia yote.

Alikuwa askari kanzu, yule asiyevaa sare. Lakini ufundi ulikuwa wa kweli, alijifunza ujanani kabla ya Uhuru. Mama na wadogo zangu walibaki nyumbani. Mimi nilichukuliwa kwa sababu, nilimsikia akimweleza mama, mtu mwenye mtoto wa shule hashukiwi, na huyu tena hasemi. Ni kweli sisemi. Mwalimu akiniuliza jambo ninalolijua, moyo unadunda mpaka jibu linapotea. Maneno yangu huyaweka kwenye daftari. Baba alinikataza kuandika lolote kuhusu kazi yake, nikatii. Naandika sasa kwa kuwa alikwisha kuhamishwa, nami niko bweni, mbali na Tabora.

Tulipanga chumba mtaa wa Ng'ambo, pale Tabora. Baba akawa anagonga bati barazani, na warina asali wakaanza kuja, maana asali haibebwi kwenye kikapu.

Hao ndio aliotumwa kwao. Walitoka kijiji kimoja cha ujamaa upande wa Isikizya. Msitu wao ulipangiwa kufyekwa: shamba la tumbaku la kijiji, na kuni za mabani, yale majumba ya kukaushia tumbaku. Miti ya kukatwa ikapigwa alama ya chokaa. Warina hawakubishana na mtu mkutanoni. Walibeba mizinga yao ya magome, wakatundika mmoja kwenye kila mti wenye chokaa. Mnyamwezi hakati mti wenye mzinga wa mtu. Na asiye Mnyamwezi, nyuki wakishaingia, shoka linamponyoka lenyewe. Basi ikatoka habari kwamba litaletwa katapila, na kwamba kuna watu wanaohujumu Ujamaa, na kiongozi wao atafutwe.

Kiongozi alikuwa bibi mmoja mjane, mwembamba kama fimbo ya kuchungia. Siku ya kwanza alipofika barazani kwetu aliuliza, "Fundi, kabila gani wewe?"

"Mzaramo, mama."

"Ee! Mtumwa wangu amejileta mwenyewe!" Akakaa juu ya debe jipya bila kukaribishwa. "Haya madebe yako yanavuja?"

"Hayavuji."

"Kazi ya Mzaramo isiyovuja? Labda mama yako alipitia Unyamwezi."

Watu wakacheka, baba naye akacheka. Bibi akanigeukia. "Na huyu? Ulimi kausahau Dasalama?"

Niliinama. Tangu siku hiyo kila akija mjini aliniletea sega la asali limefungwa kwenye majani, akanikalisha chini mbele ya magoti yake, akanisuka huku akizungumza kwa niaba yetu sote wawili. Aliuliza, akajijibu, akanilaumu kwa majibu aliyonipa yeye. Hakunilazimisha kufungua mdomo. Nadhani ndiyo sababu nilimpenda.

Jumamosi moja tulipeleka madebe kijijini. Warina walikuwa wamekaa wanasuka kamba za magome, wanasema habari za wilayani.

"Katibu ananiita kabaila," bibi alisema. "Kabaila mwenye kanga moja! Ikifuliwa nashinda ndani."

Mpwa wake, kijana mwenye mabega mapana, hakucheka. "Mama, tunayosema hapa yanafika wilayani kabla mate hayajakauka. Yupo mtu. Nikimpata namfunga chini ya mzinga, halafu naugonga kwa fimbo."

Hapo wakacheka wote, na baba alicheka kuliko wote. Mimi niliona mkono wake unapapasa chini, kama unatafuta nyundo ambayo hakuja nayo.

Bibi akaendelea kama vile hapakuwa na mgeni. Katapila linakuja Alhamisi. Alfajiri wataingia msituni wote, waume kwa wake, na mizinga iliyobaki, wakae chini ya miti. "Na wewe mtumwa wangu uje na madebe yako mabovu. Tutayapiga mpaka dereva apate wazimu."

"Nitakuja, mama," baba alisema.

Nilijua ataifikisha wapi habari hiyo, na Jumapili alikwenda kuifikisha. Nilikaa na vitabu mbele yangu, sisomi. Nikisema, baba yangu atafungwa chini ya mzinga. Nisiposema, bibi atapakiwa kwenye lori la polisi na kijiji kizima, naye kama kiongozi hatatoka leo wala kesho. Nililipindua jambo hilo kila upande na kila upande lilikuwa na miiba.

Jumatatu akafa kaka yake bibi, mzee aliyekuwa fundi wa mizinga, kwa homa. Tukaitwa mazikoni kesho yake mchana. Tulikwenda kwa baiskeli, mimi nyuma nimeshika kiti. Baba alivaa shati jeupe alilolipiga pasi mwenyewe.

Kaburi lilikuwa tayari, maiti imelazwa kwenye mkeka, lakini hakuna aliyeishusha. Watu walikuwa wakimtazama baba.

"Mtani amefika," bibi alisema. Macho yake yalikuwa mekundu. "Haya, tuone."

Baba akasogea. Akaweka mikono nyuma, miguu sawasawa. "Poleni sana wafiwa," alisema. "Tumshukuru Mungu kwa kila jambo."

Kuku alipita katikati ya watu, akasikika anavyokanyaga majani.

Mimi mwenyewe sikuwa mjuzi wa desturi hiyo, lakini wiki iliyotangulia msichana wa darasani alinisimulia mazishi ya babu yake: mtani akaruka ndani ya kaburi, akalala, akasema hatoki mpaka apewe jogoo, akamtukana marehemu na ukoo wake mpaka wafiwa wakalia na kucheka kwa pamoja. Mtani haji msibani kutoa pole. Lolote atakalosema, hata liwe chafu namna gani, ni mwiko kumkasirikia.

"Mzaramo gani huyu?" mzee mmoja aliuliza taratibu.

Mpwa wa bibi aliinua kichwa. Alimtazama baba, akaitazama mikono iliyofungwa nyuma, kisha viatu vilivyosimama kama viatu vya gwaride. Nikaona anaanza kuelewa. Baba hakuona kitu. Alikuwa ametazama mbele, kama walivyomfundisha.

Sijui nilifikaje. Najua kofia ya marehemu, ya ngozi ya mbuzi, ilikuwa juu ya mkeka, na mara ilikuwa kichwani kwangu, nami nimekaa ukingoni mwa kaburi, miguu inaning'inia ndani. Marehemu kila alipokuja barazani kwetu alikuwa akikohoa mara mbili kabla ya kulalamikia bei. Nikakohoa hivyo. Mwanamke mmoja akapiga yowe, nusu kilio nusu kicheko.

"Nyie Wanyamwezi!" Sauti yangu ilitoka nyembamba, kisha ikanenepa. "Mmebeba mizigo ya watu mpaka akili mmeitua njiani! Mnamzika mzee wenu, na askari kanzu kasimama hapo, anawahesabu vichwa! Mimi na baba yangu tumetumwa! Alhamisi mtapakiwa kwenye lori kama mbuzi wa mnadani, na asali yenu tutalamba sisi, Wazaramo!"

Walicheka. Walicheka mpaka wengine wakashikana. Mpwa wa bibi alikaa chini, analia na kucheka, anapiga ardhi kwa kiganja. "Kumbe mtani ni mtoto!" alisema. "Baba mtu kamwachia kazi!"

Nilipoufungua mdomo sikujua kama nataka wasadiki au wasisadiki. Nilitaka vyote viwili.

Bibi alicheka pamoja nao. Kisha akaacha, wenzake wakiwa bado wanaendelea, akanitazama. Aliagiza nipewe jogoo. "Inuka, mtani," alisema. "Umefanya kazi yako. Tumzike mtu wetu."

Wakati wa kurudi jogoo alikuwa amefungwa kwenye usukani. Kwenye reli baba akasimamisha baiskeli, tukashuka kupisha treni ya mizigo.

"Maneno yale," alisema, mabehewa yakipita.

"Ulikuwa utani."

"Najua ulikuwa utani." Alisubiri behewa la mwisho. "Jioni mchinje huyo jogoo. Sitaki kumwona."

Alhamisi nilikuwa shuleni, kipindi cha jiografia, lori la polisi likapita barabarani. Niliandika nilichokuwa naandika. Niliporudi, baba alikuwa amekaa kitandani ndani ya sare. Tangu tufike Tabora sikuwahi kumwona nayo.

"Tumemkuta peke yake," alisema.

"Wengine?"

"Hakuna wengine. Mizinga tu, kila mti. Dereva wa katapila kaumwa mpaka jicho limeziba, amekataa kurudi." Alifungua kifungo cha shingo, akakifunga tena. "Yeye kakaa chini ya mti, kanga safi. Akanitazama kutoka chini mpaka juu. Akasema, 'Mtumwa wangu, leo umependeza. Nani kakushonea?'"

"Ukamjibu nini?"

"Sikujua anajibiwaje."

Msimu ule msitu haukufyekwa. Misimu iliyofuata siijui.

Kesho yake nilipika ugali na kisamvu, nikampelekea bibi kituo cha polisi. Baba sikumwambia. Askari wa kaunta aliniuliza mimi ni nani wake.

"Mtani wake," nilisema. Akacheka, akanionyesha benchi la uani.

Bibi alikula kwanza. Alikula kama mtu aliye kwake, akilamba vidole.

"Nyie si Wazaramo," alisema.

"Si Wazaramo, bibi."

"Watu wa wapi?"

Nikamwambia. Alifikiri, akitafuna.

"Huko hatuna utani nako."

"Hatuna."

"Basi yale ya kaburini yalikuwa kweli tupu, hayana utani ndani yake."

"Ndiyo, bibi."

"Niliyasikia hivyo hivyo." Alinyoosha miguu. "Nikawaambia wenzangu watundike usiku, waende kwa ndugu zao. Mimi nikabaki. Lori lisingerudi tupu, lingewafuata." Akanitazama tena, mdomo umejaa. "Mpwa wangu sijamwambia kitu. Baba yako akae na amani yake, kama anayo."

Nilimsogezea kisamvu kilichobaki.

"Sasa kama wewe si mtani wangu," alisema, "umeingia hapa, umekaa, mbona hujanisalimia?"

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kesho ongeza chumvi."