Mianzi ya Mama Masjala

Siku mfagizi alipomwona kwa mara ya kwanza, mwanamke yule alikuwa ameinama kwenye sinki la ofisi, mikono ya gauni ameikunja hadi viwikoni, anaosha kokoto. Alizisugua moja moja kwa vidole, kama mtu anayemsafisha mtoto meno. Pembeni, juu ya gazeti, vililala vijiti vitatu vya kijani vyenye mizizi myekundu. Mfagizi alikuwa na juma moja tu kazini, na sinki lile alikuwa ametoka kulisugua muda si mrefu.

"Samahani kaka," akasema bila kugeuka, "nimekuchafulia sinki lako."

Mfagizi alikuwa mtu wa haya, aliyezoeana na ufagio kuliko watu, na pale hakuna aliyekuwa amemwita kaka. Akaitikia kwa kichwa, akaenda kufagia korido aliyokwisha kuifagia.

Ofisi nzima ilimwita mwanamke yule Mama Masjala, maana chumba cha mafaili kilikuwa himaya yake kwa miaka ishirini na sita. Miwani yake ilining'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Ukimtajia jina la mtu, alikwenda moja kwa moja kwenye rafu akachomoa faili, kama anayechukua kijiko kabatini kwake. Mgeni akija na makelele, alimwacha ayamalize, kisha akamwuliza kwa upole, "Umemaliza, baba? Haya, sasa tusaidiane."

Vile vijiti vilikaa dirishani kwake, nyuma ya pazia, ndani ya mtungi wa kioo, vimeshikwa na zile kokoto. Dereva wa ofisi hakuchoka kuvitania.

"Mama, mmea gani huu hauli udongo? Maji tu mwaka mzima, umefunga?"

"Wewe unakula kila kitu, mbona huoti hata nywele?"

Dereva akajipapasa kipara, akacheka kuliko wote.

Mfagizi alikifagia chumba kile mwisho, jioni, makarani wengine wakiwa wamekwisha kuondoka, na hapo ndipo Mama Masjala alipomzungumzisha. Alimwambia kwamba mmea ule watu huuita mianzi ya bahati, ingawa si mwanzi hata kidogo, wameupachika jina tu. Aliletewa na mdogo wake wa kike, aliyekuja kumtembelea nao mapajani safari nzima. Mwaka uliofuata mdogo mtu akafariki. "Nguo zake waligawana wengine," alisema. "Mimi nimebaki na hii." Mfagizi alisikiliza huku akifagia mahali pamoja kwa muda mrefu.

Kisha goti likamshinda mama wa watu. Ikabidi apasuliwe, na baada ya hapo apumzike wiki nyingi. Chumbani mwake walikuwamo makarani watatu, lakini aliyemwita ni mfagizi.

"Hawa wataisahau. Wewe husahau kitu. Maji ya bomba yaweke kwenye ndoo wazi siku nzima, ile dawa yake itoke. Yabadilishe kila Ijumaa. Jua lisiipige moja kwa moja. Nitakuwa napiga simu mapokezi."

Mfagizi alilipokea jambo lile kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga. Wiki mbili za kwanza alifuata kila neno. Ya tatu, aliona utelezi wa kijani umeshika ndani ya mtungi, akaona aibu. Mama akirudi akute uchafu? Naye kusafisha alikujua kwa njia moja tu. Akaitoa mianzi, akamwaga ndani ya mtungi dawa kali ya kusafishia vyoo, ile yenye harufu ya kukata pua, akaziloweka na kokoto humo. Akasuuza mara tatu. Kioo kiling'aa hadi akauona uso wake humo, akafurahi, akairudisha mianzi na kokoto zake. Hakujua kwamba kokoto hunywa dawa na kuitema pole pole.

Ijumaa iliyofuata, shina moja lilikuwa limeanza kuwa manjano kwa chini. Alikuwa bado amelishika alipoitwa mapokezi.

"Watoto wangu hawajambo?" Sauti ya Mama Masjala ilikuwa nyembamba, ya mtu mwenye maumivu.

Alitaka kusema. Neno lilifika mdomoni kabisa. "Hawajambo, mama," akajibu.

Aliubadilishia mmea maji kila siku, akausogeza huku na huku, akauombea. Ijumaa ya pili mashina yote matatu yalikuwa manjano hadi katikati. Akasema tena hawajambo. Ya tatu yalibonyea kama ndizi iliyoiva kupita kiasi, akayafunga kwenye gazeti, akaenda duka la maua kununua mengine matatu ya urefu ule ule.

Mama Masjala alirudi na mkongojo, tena siku moja tu, kukabidhi chumba. Daktari alikuwa amemwambia kazi basi. Alifika dirishani, akafunua pazia, akasimama. Akayagusa mashina, moja baada ya jingine. Makarani walikuwa wakimtazama, na dereva pia.

"Asante kwa kunitunzia," akamwambia mfagizi mbele ya wote. Mtungi akauacha pale pale.

Mfagizi alimbebea boksi hadi kwenye teksi. Njia nzima alitafuta pa kuanzia. Mlango ulipofunguliwa ndipo akapata kusema, "Mama, mimi..." akakwama. Hakumwona tena baada ya siku ile, na mengi aliyomwambia jioni zile amekwisha kuyasahau, ila haya aliyomwambia akiwa amekwisha kukaa, mkongojo mapajani, bila hasira yoyote:

"Ijumaa ile ya kwanza sauti yako iliposita kwenye simu, kaka, huku juu lazima ilikuwa bado kijani. Ungeniambia, ningekwambia ukate hapo penye kijani, uchomeke kwenye glasi ya maji. Ingeota."